Ngazi Tulizochimba Silanga

Sauti ninayoikumbuka kabla ya nyingine zote ni ya majembe kumi na saba yakishuka ardhini kwa pamoja. Si moja moja, la. Yalishuka pamoja kwa kishindo kimoja, kikafuata kimya kifupi wanawake wakivuta pumzi, kisha yakashuka tena. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimeketi juu ya mteremko wa Silanga nikilinda sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, isiingiwe na vumbi, na chini yangu mama na wenzake walikuwa wakiukata mlima. Nyuma yao lilikuwa bwawa, maji yake yamefunikwa na magugu hata mgeni angedhani ni malisho. Juu yangu zilikuwa nyumba za udongo na mabati za Kibera, ambazo wakati huo zilikuwa zimeteremka hadi nusu ya mlima na kusimama hapo. Kulikuwa na harufu ya udongo mweusi uliofunuliwa, matope ya bwawa, na vumbi la mkaa kutoka kibanda cha jirani yetu Mama Otieno. Watu wakisikia neno shamba huwaza utulivu. Mimi huwaza kishindo kile, na nitaeleza kwa nini.

Sisi tulikuwa watu wa Machakos na Kitui, wapangaji huko juu, ambao wanaume wetu waliondoka kabla ya jua kuchomoza wakatembea kwa miguu hadi viwandani, na wanawake wakabaki wakiangalia ule mteremko mtupu kando ya bwawa kwa macho ya njaa. Ardhi haikuwa yetu, na tulilijua hilo. Lakini ilikaa tu, na Mkamba hawezi kuona udongo umekaa tu. Kila mwanamke alipima kipande chake kwa hatua, akapanda mkonge kwenye pembe nne kama alivyomwona mama yake akifanya nyumbani, na tangu hapo hakuna aliyebishana. Kipande cha mama kilianzia kwenye njia ya wapita kwa miguu na kushuka hadi kwenye majimaji tulikopanda nduma. Taabu ilikuwa moja. Kila mvua iliponyesha, udongo wote uliteremka bwawani pamoja na mbegu. Kwa hiyo mwaka ule, kabla ya masika, wanawake wakaamua kuchimba ngazi. Kwetu tunaita fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, unautupa udongo upande wa juu, na baada ya muda mlima unakuwa ngazi pana zilizolala sawasawa, kila moja ikishikilia maji yake.

Walichimba kwa mwethya. Asiyejua mwethya ni nini afikirie kundi la wanawake wanaohama kutoka shamba la huyu hadi la yule, wakiimba na kutaniana, na mwenye shamba akiwapikia. Kuna sheria moja ambayo hakuna anayeitamka kwa sababu kila mtu amezaliwa nayo: kazi ya mwethya haina mwenyewe. Hutasikia mwanamke akisema mtaro huu niliuchimba mimi. Ukiuliza ni nani aliyeuchimba, jibu ni mwethya. Hata aliyezembea siku nzima akipiga soga, mtaro ni wake sawa na wa aliyetokwa na malengelenge. Mimi niliona hilo ni jambo zuri sana. Niliwahi kujaribu kuhesabu mapigo ya jembe la mama ili nijisifu shuleni, naye akanifinya sikio mpaka machozi yakanitoka.

Mama Otieno alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mwanamke mrefu mwenye mikono myeusi kwa mkaa na ulimi usiokuwa na breki. Alikuwa na kipande chake kidogo cha sukuma wiki kando ya chetu, na mwanawe mkubwa, Otieno, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, alimbebea magunia na kufanya vibarua popote alipoitwa. Ndiye aliyenichomoa kwenye majimaji siku niliyozama hadi kiunoni nikifukuzia nduma. Alinibeba mabegani hadi nyumbani nikiwa tope tupu, akamwambia mama kwamba amevua kambare mkubwa. Basi Mama Otieno akawa anakuja kusimama juu ya mteremko, mikono kiunoni, akitazama wanawake wa Ukambani wakijitoa jasho. Siku moja akamwambia mama, "Mama Ndunge, hii mnachimba si shamba. Hii ni sakafu." Wote wakacheka, mama kuliko wote.

Masika yakaja na hatukupoteza hata koleo moja la udongo. Mahindi yalisimama hata ukiingia katikati yake huoni Kibera. Maharagwe yalitambaa chini yake, na kwenye kingo za mitaro mama alipanda majani ya ng'ombe, ingawa hatukuwa na ng'ombe. Alisema kingo bila majani ni uchi. Nadhani ule ndio msimu pekee niliomwona mama akiwa na furaha ya kukaa kimya. Jioni alikuwa akisimama kwenye ngazi ya pili, mikono nyuma, asifanye lolote, mtu ambaye ndani ya nyumba hakuwahi kukaa bila kitu mkononi.

Mwezi wa sita akaja mtu wa tepu. Jina lake nalijua lakini silisemi, na sisi wakati ule hatukulijua. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa na tepu ya kupimia iliyoning'inia mfukoni. Aliacha pikapu yake njiani akashuka, akatembea juu ya ngazi zetu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, akizipiga kwa kisigino cha kiatu kana kwamba anabisha hodi. Leo nikiwa mtu mzima naelewa alichokiona. Yeyote aliyetaka kujenga vyumba vya kupangisha katika mteremko ule alilazimika kwanza kuajiri watu wakate mlima, wasawazishe, wachimbe mifereji ya maji. Pale alikuta ngazi nne zimekatwa, zimesawazishwa, zimeshindiliwa na mvua ya msimu mzima, na kila moja ina mfereji wake. Kama tungelima ovyo ovyo kama watu wengine, pengine angepita tu. Tulimwandalia kiwanja kwa mikono yetu tukiimba. Hilo linanikera mpaka leo, na nikilifikiria husaga meno.

Alirudi na barua yenye muhuri uliofifia hata hakuna aliyeweza kuusoma, akasema tuondoke. Wanawake wakakutana, na mama ndiye aliyesema neno lililobaki: tutavuna kwanza. Hakusema hatutaondoka. Alisema watavuna kwanza, basi. Mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu, na kwa watu waliokuwa wakinunua unga wa kipimo kila jioni, kuvunja shamba lenye ndevu ni dhambi. Baba hakutaka vita. Alikuwa amepata chumba Kawangware, ambako bado kulikuwa na mahindi kati ya nyumba na nyumba, akasema tuhame tukalime huko kwa amani. Mama akakataa. Waligombana juma zima, na siku ya mwisho baba alimpiga kofi mbele yetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla. Mama hakulia. Aliokota kitambaa chake, akakifunga tena kichwani, akatoka kwenda shambani.

Kuanzia hapo kila juma lilikuja na lake. Tuliamka tukakuta mkonge wa mipakani umeng'olewa wote na kutupwa bwawani. Juma lililofuata mbwa wa Mama Mutiso, mwanamke mnene aliyekuwa kiongozi wa mwethya, alikutwa amekatwa shingo na kuwekwa kwenye njia. Kisha mume wake akapigwa na watu asiowajua alipokuwa akitoka kazini, wakamvunja mbavu. Wanawake wakaanza kwenda shambani wote kwa pamoja, na majembe hayakuachwa tena huko. Nasi watoto tulikuwa tumeshikwa na wazimu uleule. Tulikusanya mawe tukayapanga kwenye kingo za mitaro. Nilijikuta nikipigana na wasichana wa darasani kwa sababu zisizo na maana, na nilipenda kupigana, niseme ukweli.

Walikuja mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, asubuhi ya saa tatu. Walikuwa vijana kumi na wawili hivi wenye mapanga, na mtu wa tepu alibaki juu ndani ya pikapu, kioo kimefungwa. Walianzia ngazi ya chini. Panga likipita kwenye bua bichi la mhindi halitoi sauti kubwa, ni mkwaruzo tu wenye majimaji, lakini mapanga kumi na mawili yakipita pamoja unasikia kama mtu mkubwa anakula. Walikata mashina, wakakanyaga mahindi machanga hadi maziwa yake yakawarukia miguuni. Wanawake walishuka wakipiga kelele. Mawe yakaanza kuruka, mengine yakiwa yetu. Nilimpiga kijana mmoja begani na nikasikia raha. Nikaona mkono wa Mama Mutiso ukifunguka kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo, damu ikichelewa kidogo kutoka, kisha ikatoka yote kwa mara moja. Alianguka ndani ya mtaro wa ngazi ya tatu, kifudifudi.

Wakati huo nikamwona Otieno. Baadaye tulikuja kujua kwamba mtu wa tepu alimwahidi chumba kimoja kwa ajili ya mama yake, chenye mlango wa mbao na kufuli, naye Mama Otieno hakuambiwa lolote. Otieno alikuwa amejifunga fulana usoni lakini ningemtambua popote, maana nilikuwa nimepanda yale mabega. Alisimama juu ya Mama Mutiso na panga limeinuliwa. Sijui kama alitaka kumkata au kumtisha. Nimeiangalia picha ile kichwani mwangu mara nyingi mno na bado sijui. Mama alikuwa ngazi moja juu yake, karibu kiasi cha kuweza kumgusa nywele.

"Otieno," mama akasema, wala hakupaza sauti. "Weka hiyo panga chini. Wewe ni mtoto wangu."

Otieno alitazama juu. "Mathe, toka hapo," akasema. "Mimi nimetumwa tu."

Panga halikushuka, wala halikuwekwa chini. Mama akainua jembe kama siku zote za mwethya, miguu imepanuka, mgongo umenyooka, akalileta chini. Lilimpata juu ya sikio. Otieno alikaa kitako mtaroni kama mtu aliyechoka, akauegemea ukingo wenye yale majani, na hakuinuka tena. Wanawake wengine walifika wakiwa wamepofuka kwa hasira, na majembe yakashuka juu ya vijana wengine, na juu ya mabua, na juu ya udongo. Vijana wakakimbia. Pikapu ikaondoka. Mama Otieno akashuka kutoka kwenye kibanda chake akikimbia bila viatu, kwa sababu alikuwa ameambiwa kuna watu wameumia na alitaka kusaidia.

Watu wa nje wakasema ni vita vya kabila, Wakamba na watu wa ziwa, na kwa siku kadhaa njia zetu hazikupitika, kibanda kimoja kikachomwa upande wetu na viwili upande wao. Havikuwa vita vya kabila. Ilikuwa mahindi na chumba. Polisi walikuja wakawachukua wanawake saba, mama akiwa mmoja wao, na kila mmoja alipoulizwa ni nani aliyempiga kijana yule alijibu jambo moja: tulikuwa pamoja. Hawakupanga kusema hivyo. Hawakujua kujibu namna nyingine, maana ndivyo walivyokuwa wakijibu juu ya mitaro. Na nadhani kweli wengi wao hawakuona. Mimi niliona. Afisa mmoja mwanamke alininunulia soda, akaniuliza kwa upole kama nilimwona aliyempiga Otieno. Nikasema nilikuwa nimefumba macho. Niliinywa ile soda yote. Nilimchukia Otieno kwa kutufanyia vile, na nilimlilia, na vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kugombana.

Baada ya majuma manne wanawake wakaachiliwa kwa kukosekana shahidi. Wenzake walifika nyumbani saa sita mchana. Mama alifika jioni. Hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi, kwa sababu kuketi kwake tu pale kitandani kulitutosha.

Mtu wa tepu alijenga. Alijenga kwa haraka, nguzo na udongo na mabati, safu nne za vyumba juu ya ngazi nne, na hakuhitaji kuchimba hata futi moja. Wapangaji wakajaa kabla udongo wa kuta haujakauka: makuli, walinzi, mafundi, wafua nguo wa Langata, watu walioondoka alfajiri kwa mstari kando ya bwawa na kurudi jioni kwa mstari uleule, wasiojua wala wasiojali chini ya vitanda vyao kulikuwa na nini. Mama Otieno alipewa kile chumba. Mtu wa tepu alitimiza ahadi hiyo, sijui kwa haya au kwa hofu. Na sisi, ndipo nilipomwona mama ni mwendawazimu, tukapanga chumba kilichofuata. Baba alikuwa na chumba kingine tayari Kawangware. Alisihi, akatukana, mwishowe akachoka akaleta virago. Tukawa wapangaji juu ya shamba letu wenyewe, na kati yetu na Mama Otieno palikuwa na ukuta wa bati moja tu. Tulisikia akikohoa, na alisikia tukicheka, kwa hiyo tukajifunza kucheka polepole. Kila asubuhi mama alitoka nje akasimama mlangoni mwake, Mama Otieno akatoka akasimama mlangoni mwake, wakaamkiana. Tuliendelea kumwita Mama Otieno, maana ndilo lilikuwa jina lake. Nilikua nikiamini ni ukaidi wa mama juu ya udongo wake, kwamba hangeweza kuuacha hata ukiwa chini ya saruji. Nilimheshimu kwa hilo, na nilimdharau kwa hilo.

Sasa nimepita arobaini. Ninaishi Kawangware, kwenye ghorofa ya chini ya jengo la orofa tano, na mwenye jengo ni bibi mmoja aliyebakiza kipande cha sukuma ukubwa wa kitanda kati ya tangi la maji na lango. Anasema hapo alipozaliwa ungeweza kutembea kwenye mahindi hadi Dagoretti bila kuona jua. Nilimleta mama kwangu magoti yalipomwishia, kwa sababu zile ngazi za Silanga hakuweza kuzipanda tena. Lakini alitoa sharti moja, kwamba kila mwezi nimrudishe amwone Mama Otieno. Nimekuwa nikimpeleka miaka mitatu. Boda boda inatushusha juu, namshika mkono tunateremka polepole, wazee wawili wanaketi kwenye kochi, hawaongei sana, chai inanywewa, tunaondoka. Niliona ni urafiki mzuri wa majirani wa zamani. Niliwasimulia hata watoto wangu.

Mwezi uliopita mama alisinzia kwenye kochi, na Mama Otieno akaniomba nimsaidie kuanua nguo nje. Siku hizi ni mwembamba, macho yana ukungu, ila ulimi bado hauna breki. Akanikabidhi vibanio kimoja kimoja.

"Ndunge," akasema, "wewe unadhani mimi sijui?"

Miaka thelathini na zaidi nilikuwa nimemlinda mama kwa kunyamaza, sikumwambia baba hadi akafa, sikumwambia mume wangu, na nilikuwa tayari kusema tena kwamba nilifumba macho. Lakini hakuwa akiniuliza.

"Mamako aliniambia yeye mwenyewe," akasema. "Siku walimwachilia. Alikuja kwangu kabla hajaingia kwenu, akakaa chini kwa mkaa, akaniambia yote. Nikafikiria kwenda polisi. Nikawaona nyinyi watoto wanne, nikasema sitaki kuzika nyumba mbili. Lakini nikamwambia, wewe hutahama. Utakaa pale naweza kukuona, kila asubuhi, mpaka nichoke."

Nilimwuliza alichoka lini.

"Mimi sijachoka," akasema. "Ni magoti yake yamechoka. Ndiyo nikamwambia basi, kila mwezi."

Akachukua shuka akalikunja, kona kwa kona, akaniwekea mikononi. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro na wapangaji walikuwa wameanza kurudi kutoka mjini, wasichana wa ofisini waliobeba viatu vizuri ndani ya mifuko, mafundi wenye saruji kwenye nyusi, kila mtu akifungua kufuli lake na kuingia bila kumtazama jirani. Vyumba viwili kutoka pale tuliposimama mtu alikuwa ameishi mwaka mzima, na Mama Otieno hakujua jina lake. Nimezoea kulilalamikia jambo hilo. Huwa nawaambia watoto wangu kwamba zamani tulijuana, tulichimba pamoja, mtu alikuwa mtu. Jioni ile niliwatazama wale wageni wakifunga milango yao, na nikawaonea wivu.

Niliporudi ndani mama alikuwa ameamka na amekwisha kuvaa viatu. Aliniuliza tulikuwa tukiongea nini muda wote ule huko nje. Nikamwambia tulikuwa tunapanga siku ya mwezi ujao.